Tumechanga tununue vifaranga tuwaachilie ziwani: je, ngege watarudi?

SWALI: Sisi ni wavuvi wa Dunga, Kisumu. Ngege (tilapia) wamepungua na nyavu zinatuletea samaki wa kiganja tu. Tumechanga shilingi 70,000 tununue vifaranga 10,000 wa ngege tuwaachilie Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, maana tunasikia ng'ambo bahari hujazwa hivyo. Tufuate hatua gani?

JIBU: Msinunue bado. Hao samaki wa kiganja wanaonyesha kwamba ngege bado wanazaa. Wanavuliwa kabla hawajazaa wao. Mkiongeza 10,000 wataishia kwenye nyavu zile zile, au tumboni mwa mbuta (sangara). Tuseme 200 wanusurike wafike nusu kilo: ni kilo 100, kila kilo shilingi 700, na petroli hamjahesabu.

Hata baharini mambo si mepesi. Kituo cha Flødevigen, Norway, kilimwaga mamilioni ya vichanga wa chewa tangu miaka ya 1880, kikaacha 1971 bila ushahidi kwamba chewa waliongezeka. Samoni wa Hokkaido, Japani, wamefaulu zaidi: hulishwa kwanza hadi gramu moja hivi, kisha wakikomaa hurudi wenyewe kwenye mto walikoachiliwa. Ngege hana desturi hiyo.

Linalotutia hofu zaidi ni aina ya vifaranga. Wengi wanaouziwa wafugaji wamelishwa homoni wiki tatu hadi nne ili wawe madume watupu. Kwa mfugaji ni faida. Ziwani hawawezi kuzaa wao kwa wao, ila wanaweza kupandana na majike waliomo. Na ngege wa asili, aliyekwisha kusongwa na tilapia wa Nile aliyeletwa miaka ya 1950 (ambaye leo naye huitwa ngege), amebaki sehemu chache kama Ziwa Kanyaboli. Tafadhali, huko msipeleke kifaranga yeyote wa kununua.

Sisi tungezitumia hizo pesa kuweka maboya kuzunguka mazalio kwenye mafunjo, na kulipia doria ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) dhidi ya nyavu za kukokota.

Mkipata lambo lililokauka likajaa upya, hapo vifaranga wana maana. Chukueni kwanza kibali cha idara ya uvuvi. Agizeni madume na majike, wasiopewa homoni, wa gramu 5 au zaidi, kutoka kwa wazazi wengi, kwani ndugu wakizaana ukoo hudhoofika. Wasipewe chakula siku moja kabla ya safari, la sivyo kinyesi kitachafua maji ya mfuko. Mfuko uwe theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, safirini alfajiri. Mkifika, uacheni mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha ingizeni maji ya lambo kidogo kidogo kwa dakika 20 nyingine. Hapa ndipo wengi huharibu: wakimiminwa ghafla, vifaranga huogelea vizuri jioni, asubuhi wanaelea wamekufa.

Mmoja kati ya kumi akatwe pezi la tumbo la kushoto hadi shinani. Likikatwa nusu huota tena. Mkianza kuvua, hesabuni waliokatwa, zidisheni kwa kumi, mtakadiria angalau wangapi walinusurika.