Kipa kuwa nahodha? Mpeni tu

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama timu yenu ya mtaa impe kipa unahodha, maana wazee wa benchi wanadai yuko mbali na mpira. Mimi nasema mpeni. Dino Zoff alinyanyua Kombe la Dunia 1982 akiwa nahodha wa Italia, tena ana miaka 40. Casillas wa Uhispania 2010, Lloris wa Ufaransa 2018. Wote makipa.

Kipa anauona uwanja mzima mbele yake. Winga wa upande wa pili akiachwa peke yake, yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti, "Mtu nyuma yako!" (Kelele ni kazi yake hata bila kitambaa cha unahodha.)

Shida ni refa. Utata ukitokea kule kwenye boksi la wapinzani, mpaka kipa afike, maneno yamekwisha. Kwenye Euro 2024, kombe la mataifa ya Ulaya, nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwendea refa; akiwa kipa, timu ilimteua mchezaji mwingine afanye kazi hiyo. Nanyi mteueni kiungo mtulivu. Huyo straika wenu mwenye mdomo, hapana.