Muulize Muuguzi: Mdogo wangu, korona na "figo za watu weusi"

SWALI

Shikamoo dada muuguzi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sakina, Arusha. Nina mdogo wangu wa kiume aliyekwenda Marekani mwaka 2009, yuko Chicago, kazi yake ni kupakia mizigo ghalani. Aprili 2020 alilazwa kwa korona. Siku ya nne mkojo ukakata, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa wiki tatu. Mungu mkubwa, alitoka. Lakini mpaka leo anahudhuria kliniki ya figo. Alipokuja msibani Desemba iliyopita alitusimulia kwamba kwenye zile mashine karibu wote walikuwa weusi. Shemeji yangu mmoja akadakia palepale: "Si mnaona? Figo ya mtu mweusi haiwezi korona, ni mambo ya damu hayo." Tangu siku hiyo mume wangu hana amani. Ana presha, na mwaka 2021 aliugua korona tukamuuguza nyumbani kwa kujifukiza na tangawizi. Anahisi na zake zimeshaharibika. Ni kweli jambo hili ni la rangi?

Mama wa Watatu, Sakina

JIBU

Marahaba mama. Poleni na msiba, na poleni kwa kuuguza mtu aliye mbali.

Mdogo wako hakuona vibaya. Katika hospitali za Northwell, New York, wagonjwa 5,449 wa korona waliolazwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2020 walifuatiliwa, na 1,993 kati yao, asilimia 36.6, figo ziliyumba. Kwa waliowekewa mashine ya kupumulia ilikuwa karibu tisa katika kila kumi. Na ndiyo, weusi walipatwa zaidi. Kwenye hospitali za Mount Sinai, mji huohuo, nusu ya walioumia figo walifia wodini. Kwa wale ambao figo zao zilisalimika, waliokufa walikuwa asilimia 8. Kwa hiyo huyo aliyerudi kuwasimulia amepita pembamba.

Shemeji ndiye mwenye ugomvi na mimi.

Mwambie asikie habari ya Louisiana. Kuna hospitali za Ochsner, ambako weusi ni asilimia 31 ya watu wanaotibiwa humo. Korona ilipoingia, kati ya waliolazwa weusi walikuwa karibu asilimia 77, na kati ya waliokufa karibu 71. Ukiishia hapo utasema damu. Lakini watafiti wakaendelea: wakamlinganisha mweusi na mweupe wa umri uleule, maradhi yaleyale, mtaa wa kipato kilekile, walioingia wodini na hali ileile. Tofauti ya kufa ikatoweka. Maana yake sehemu kubwa ya balaa ilishamkuta mtu kabla hajafika mlangoni. Mdogo wako alikuwa akipakia mizigo Aprili ile, au alikuwa nyumbani na kompyuta? Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Ongeza presha isiyotibiwa vizuri, bima ya kubahatisha, na tabia ya kuvumilia mpaka mtu abebwe.

Na hata mlangoni kulikuwa na mtego. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hudanganywa na ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 ulichukua vipimo ambavyo kibanio kilisoma 92 hadi 96, namba ya kumtuliza daktari. Damu yenyewe ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi vilionyesha oksijeni iko chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo; damu hiyo ikija bila oksijeni, tena mgonjwa ana homa, anaharisha, hanywi maji na presha inashuka, vijifereji vya ndani ya figo vinaanza kufa. Korona huongeza na vidonge vidogo vya damu iliyoganda. Figo iliyokwisha kuchakazwa na presha miaka kumi ndiyo inayosalimu amri kwanza.

Kuna kitu kimoja cha kurithi, nisikufiche. Kinaitwa APOL1. Ni jeni, na kuna aina zake mbili zilizosambaa Afrika kwa sababu zinamkinga mtu na vimelea vya malale, ugonjwa wa mbung'o. Aliyerithi aina hizo kwa baba na kwa mama pia, figo zake huwa hatarini zaidi, na korona iliwachokoza baadhi yao vibaya sana. Kati ya Wamarekani weusi watu wa hivyo ni kama 13 katika 100. Lakini chimbuko lake kubwa ni Afrika Magharibi, kwa Wayoruba na Waigbo. Huku Afrika Mashariki ni chache zaidi. Kwa hiyo mzaliwa wa Arusha akiingia hospitali ya Chicago anaandikwa "mweusi" pamoja na mtu ambaye mababu zake walitoka Lagos, wakati kwa jeni hii huenda hawafanani kabisa. Neno moja, watu wawili. Mdogo wako anaweza kuomba apimwe. Kule kipimo kipo.

Tena shemeji si lazima aende Marekani. Aje hapa Moshi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2.0 vijijini, mkoa huuhuu wa Kilimanjaro. Wa Pasua mjini na wa Kibosho kijijini wana rangi gani tofauti? Shangazi ni mmoja, wanakutana Krismasi ileile kula ndizi. Na katika wenye ugonjwa, aliyejua kwamba anao alikuwa kama mmoja kwa kumi.

Sasa nikuungamie jambo, maana na mimi nilishiriki upuuzi huu wa rangi kwa kalamu yangu.

Nimefanya kazi miaka 14 kwenye chumba cha kusafisha damu. Hospitali siitaji. Majibu ya kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, yalikuwa yanatoka yamechapwa mistari miwili ya uwezo wa figo, namba ikiwa kubwa figo ni nzima zaidi: mmoja wa "Mmarekani mweusi", mmoja wa "asiye mweusi". Damu moja, majibu mawili. Mwanaume wa miaka 50 mwenye kreatinini 150, mstari wa asiye mweusi ulisema 46, wa mweusi 53. Nyongeza ile ilitoka kwenye fomula za Marekani, kwa hoja kwamba weusi wana misuli mingi. Sisi tulifundishwa kuzungushia mstari wa weusi kwa kila mtu. Mmeru, Mchaga, Mmasai aliyekonda kwa kifua kikuu, wote misuli mingi! Mhindi wa duka la vitambaa nilimzungushia ule mwingine.

Siku moja akaja kijana, baba Mwarabu wa Tanga, mama wa Machame. Nikakaa na kalamu mkononi. Nikamtazama, nikatazama karatasi. Yeye anasubiri, kashika risiti ya maabara kaikunja mpaka imekuwa kama njiti. Nikamwendea fundi wa maabara, nikamuuliza nizungushe upi. Hakuinua hata kichwa kwenye darubini: "Mpe wastani, sista."

Nilimpa wastani. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu, ingawa nacheka kidogo.

Baadaye tafiti za Uganda, Malawi na Afrika Kusini zilionyesha ile nyongeza inazipamba figo zetu kuliko zilivyo. Marekani wenyewe wakaitupa mwaka 2021 na kuleta fomula isiyouliza rangi. Haikuwa hesabu ya kuchezea: kule mtu huanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo ya kupandikizwa uwezo wa figo zake ukifika 20 au chini. Mweupe mwenye 18 aliingia kwenye orodha. Mweusi mwenye damu ileile alisomeka karibu 21, akaambiwa bado. Januari 2023 hospitali zikaamriwa kuwarudishia weusi muda wao wa kusubiri waliopunjwa. Muulize mdogo wako kama vipimo vyake vya 2020 vilisomwa kwa fomula ya zamani. Kama ndivyo, namba iliyoonekana "imeshuka" baadaye pengine imeshushwa na fomula tu, na ajue hivyo kabla hajakosa usingizi.

Mumeo, kwa kifupi. Aliyeugulia nyumbani, akawa anakunywa na kukojoa kawaida, mara nyingi figo zake hazikuguswa. Kujifukiza kwenyewe hakuui figo. Kinachonitia wasiwasi ni presha yake, ambayo umeitaja kwa maneno mawili halafu ukaikimbia. Anameza dawa kila siku au akisikia kichwa kinauma? Na akiumwa mgongo anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki? Kama ndiyo, aiache. Hiyo na presha juu ya figo ni mzigo mbaya. Figo haziumi zinapoharibika, kwa hiyo asisubiri dalili. Aende apimwe presha, kreatinini, na protini kwenye mkojo. Mkojo wasiuruke, vituo vingine hupima damu tu na kumruhusu mtu, na protini ndiyo hutangulia kuonekana.

Majibu ukiyapata nitumie, ufute jina, lakini umri wake uandike. Mwezi uliopita msomaji wa Ngaramtoni alinitumia kreatinini tupu, bila umri wala kusema ni ya mume au ya mke, na mimi kupiga ramli nilishaacha siku ya yule kijana wa Machame.