Majibu ya chuo ni ya mtoto, mpe ayafungue mwenyewe

Nywila ya akaunti ya udahili ya binti yangu nilikuwa nayo mimi. Alinipa siku tulipokuwa tunapakia vyeti, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Basi jioni moja, yeye yuko bafuni, nikaingia kuchungulia. Chuo alichokuwa akikiota kwa miaka mitatu kilikuwa kimeshajibu: hakuchaguliwa. Nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikakodolea macho televisheni. Alipotoka, taulo kichwani, alinitazama mara moja tu.

"Mama, umeshaona, eti?"

Baadaye aliniambia kukosa chuo kulimuuma, ila kilichomliza usiku ule ni kwamba nilijua kabla yake.

Kwa hiyo rudisha nywila mapema, kisha muulize mwanao anataka kuyapokeaje majibu: peke yake, na wewe, au na rafiki yake. Atakachosema, kifuate hata kama roho inakuruka.

Akikosa, maneno yapunguze. Mimi niliyasema yote yasiyofaa. "Hicho chuo chenyewe kina nini?" nilimwambia, nikidhani namfariji, kumbe namwambia kwamba miaka mitatu alikuwa anapenda kitu cha ovyo. Nikaongeza la hesabu, kwamba angekazana kidogo... Hilo sitalirudia hapa. Siku hizi nasema "pole, najua inauma", nanyamaza. Mipango inangoja kesho au kesho kutwa, mradi tarehe ya mwisho ya kuthibitisha chuo kingine haijafika.

Na ndugu? Nilikuwa nimeshawatangazia wote, hadi wenzangu kazini, majina ya vyuo alivyoomba. Wiki nzima simu zikawa za "vipi, majibu yametoka?" na aliyekuwa akizisikia ni yeye. Kubalianeni mapema nani ataambiwa nini, na nani atasema.

Kazi ya mzazi hasa iko kwenye tarehe na pesa. Someni barua ya udahili mpaka mwisho, pamoja. Nyingine inampa nafasi kwa masharti, yaani anaingia iwapo matokeo yake ya mwisho yatafikia kiwango walichotaja. Kwenye pesa, msitazame ada peke yake. Jumlisheni malazi, chakula, usafiri, vitabu na bima, kisha toeni pesa za ufadhili tu, zile ambazo hamtadaiwa kuzirudisha. Kuna barua zinazopanga ufadhili na mkopo kwenye orodha moja, jumla nono chini, na mtu anashangilia deni. Ulizeni pia kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima, na alama zikishuka unakatwa au la. Halafu zidisheni kwa miaka ya masomo. Kiasi mnachokimudu mwambie kabla hajaomba. Mimi nilimwambia wangu baada ya kuchaguliwa kwingine, na huo ukawa msiba wa pili nyumbani.

Kitu kingine, ofisi ya udahili usiipigie wewe. Nilijaribu. Nikajibiwa kwa upole kwamba wanazungumza na mwombaji mwenyewe. Tuliishia kukaa pamoja, maswali yameandikwa kwenye karatasi, binti akipiga na mimi nikinyoosha kidole kwenye swali alilolisahau. Alipokata simu alikuwa na sauti ya mtu mzima.

Zamu ya kaka yake ilipofika, alitaka kufungua peke yake, mlango umefungwa. Nikabaki jikoni naosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Dakika kumi. Ishirini. Nilisogea hadi karibu na mlango mara mbili, nikarudi.

Alitoka akiwa na uso ambao sikuweza kuusoma. "Wameniweka kwenye orodha ya kusubiri."

Hiyo ni hali ngumu kuliko kukataliwa, maana haikupi nafasi wala haikuachii. Nilitaka kumwambia wataita tu. Nani kaniambia wataita? Ukiwa kwenye orodha hiyo unathibitisha nafasi chuo kingine kilichokukubali kabla dirisha halijafungwa, na huku unaomba ubaki kwenye orodha. Wakikuita unaweza kuhama, lakini malipo ya kushikilia nafasi kule kwa kwanza mara nyingi hayarudi, kwa hiyo yawekeni kwenye hesabu tangu mwanzo.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nikasema, "Pole, baba."

Akavuta kiti. "Kile kingine, mwisho wa kuthibitisha ni lini?"

Nikafuta mikono, nikaleta daftari.