Jedwali langu linasema tuachane

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mwanza, miaka 31. Mimi na mchumba wangu tulipima damu kabla ya ndoa, sote tukakutwa AS, yaani tunabeba kinasaba cha sikoseli. Ninaamini kila swali la maisha lina jibu ukilifikiria kisayansi, kwa hiyo nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta: upendo (nikaupa alama 8), umri wetu, mahari niliyokwisha kutoa, gharama za matibabu, maneno ya watu. Jumla ikatoka tuachane. Nilipomwonyesha alilia, akaondoka, na sasa hapokei simu. Rafiki zangu wanasema mapenzi hayana fomula. Nimekosea wapi? – Mwalimu*

Marahaba, mwanangu.

Hao rafiki zako usiwasikilize. Wanaosema mapenzi hayana fomula ndio haohao watakaokuja wodini na machungwa mtoto akilazwa, kisha waende zao. Kupima kabla ya ndoa mmefanya vizuri sana. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu, hiyo sikoseli unayoitaja, kila mwaka, na wazazi wengi hujua kuwa wanabeba kinasaba siku wanayopewa majibu ya mtoto.

Swali la damu, basi, sayansi imelijibu, na jibu unalifundisha darasani: kwa kila mimba, robo SS, yaani mgonjwa, nusu AS kama ninyi, robo AA, asiye na kinasaba hicho. Kila mimba huanza upya. Watatu wakizaliwa wazima, wa nne hana nafuu yoyote kwa sababu yao. Mkizaa wawili, uwezekano wa kutopata mgonjwa hata mmoja ni 56 kwa 100. Mkizaa wanne unashuka hadi 32. Sasa niambie, Mwalimu, jedwali limebeba maneno ya watu, idadi ya watoto mnaowataka iko wapi?

Hukusema pia mlipimwaje. Kile kipimo cha haraka cha kuona kama chembe za damu zinajikunja hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni kipimo kama elektroforesisi, kinachotenganisha aina za himoglobini kwenye damu. Kabla ya kuvunja uchumba, hakikisheni majibu yenu yametokana na hicho.

Kwenye gharama za matibabu nahisi umejaza kwa kukumbuka wagonjwa wa utotoni kwako. Utafiti uliochapishwa 2019, wa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kuwa dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu makali, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Haiponyi. Mtoto bado ataumwa, atameza penisilini kila siku miaka yake ya mwanzo, nanyi mtaijua njia ya kliniki usiku na mchana. Lakini bei na upatikanaji wa dawa ni mambo ya kwenda kuuliza hospitali ya Bugando, si ya kukisia sebuleni.

Tuje kwenye ile 8. Uliipima kwa kifaa gani? Rudi kwenye kompyuta, uifanye 9, kisha 7, uone jumla inageuka wapi. Ikigeuka kwa alama moja tu, ujue jedwali halijakujibu kitu; limekurudishia hofu yako ikiwa na desimali.

Usijione wa kwanza. Charles Darwin mwenyewe, yule mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, mwaka 1838, aligawa karatasi pande mbili, kuoa na kutooa. Kwa kutooa akaweka muda na pesa za vitabu. Kwa kuoa akaweka mwenzi wa uzeeni, akaongeza kuwa hata hivyo ni bora kuliko mbwa. (Bibi harusi hakuulizwa chochote.) Januari 1839 akamwoa binamu yake, Emma Wedgwood. Walizaa watoto kumi, watatu wakafa wadogo, na kilichokuja kumsumbua, kwamba huenda undugu wao wa damu uliwadhuru watoto, hakikuwa kwenye karatasi ile. Swali hilo lilikuwa la kupimika; mwanawe George alilikusanyia takwimu na kuzichapisha 1875, wazazi wakiwa wazee. Wewe umelijua la kwenu kabla ya harusi.

Kosa lako kubwa ni kwamba ulikokotoa peke yako. Atakayebeba mimba ni yeye, na kazini wataanza kumnung'unikia yeye kila mtoto akilazwa, halafu ukamwitia jumla iliyokwisha kupigwa mstari. Alilia kwa haki.

Acha kupiga simu. Mwandikie ujumbe mfupi: nisamehe, nilipaswa kukuuliza kabla ya kuhesabu. Usitetee hoja, na tafadhali usiambatanishe jedwali jipya. Akikubali, nendeni wote siku ya kliniki ya selimundu, mkae na mshauri, kisha mzungumze na wazazi walioketi kwenye benchi. Waulizeni nani huamka mtoto akishikwa na maumivu, na nani aliacha kazi. Mkirudi, kila mmoja aandike peke yake: je, tukipata mtoto SS nitamlea bila kumlaumu mwenzangu? Je, naweza kuishi bila kuzaa, au kulea mtoto wa kuasili? Kisha mbadilishane karatasi.

Mimi sioni kosa AS wawili kuoana wakijua wanachokiendea. Ninachokiogopa ni mmoja kukubali kwa aibu, kwa sababu huyo ndiye hutoweka mtoto akianza kulazwa, na barua za wake walioachiwa wodi ninazipata nyingi mno. Kama jibu la mmoja wenu kwa swali la kwanza ni hapana, aliseme sasa, muachane mkiheshimiana.

Mahari ifute kwenye jedwali. Habari ya ng'ombe kurudi au kutorudi wataizungumza wazee wa pande zote mbili, na wasianze kabla ninyi wawili hamjatoka Bugando.