Maswali ya Wasomaji: Kindege cha Bati Kisipakwe Rangi

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokwenda Unguja kwa shughuli za kifamilia nilipita katika duka la vitu vya kale kule Mji Mkongwe, nikanunua kindege cha bati chenye ufunguo ubavuni, pamoja na mwanasesere mdogo aliye mwepesi kama ganda la yai. Chini ya kindege pameandikwa “Made in Occupied Japan”. Rangi ya mkiani imebanduka na kutu imeanza kujitokeza. Fundi wa mtaani kwetu anasema atakipaka rangi kiwe kama kipya. Je, nimkubalie? Na maneno hayo yana maana gani?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usimkubalie, na kama umekwisha kumwachia kindege hicho, kakichukue leo hii. Kwa mkusanyaji, rangi ya kwanza ndiyo thamani ya kitu, hata ikiwa imechubuka. Manyoya unayoyaona hayakuchorwa kwa brashi. Yalichapwa juu ya bati lilipokuwa bado bapa, kisha bati likakatwa, likakandamizwa kwenye kalibu, na vipande vikaunganishwa kwa vijilimi vilivyopenyezwa kwenye matundu na kukunjwa. Vijilimi hivyo vikikunjuliwa na kukunjwa tena huvunjika, kwa hiyo fundi asikifungue kabisa.

Maneno hayo yanaeleza kwamba kilitengenezwa Japani ilipokuwa chini ya majeshi ya kigeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi hiyo ilikaliwa na mataifa washirika, Marekani ikiwa mbele, tangu 1945 hadi Aprili 1952, na bidhaa nyingi zilizouzwa nje kuanzia 1947 zilitiwa alama hiyo. Basi, ikiwa alama ni ya kweli, kindege chako kimepita umri wa miaka 70. Itazame kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu alama hii hughushiwa: iliyogongwa juu ya rangi kama muhuri ni ya kutilia shaka, tofauti na ile iliyochapwa pamoja na manyoya.

Kuhusu kutu, umebahatika kuishi Dodoma, ambako hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka; kingebaki Unguja, karibu na chumvi ya bahari, kingeliwa upesi zaidi. Adui wako huku ni vumbi, linaloingia kwenye meno ya mtambo na kugandamana na grisi ya zamani. Lipanguse kwa brashi laini iliyo kavu, bila maji ya sabuni wala waya wa kusugulia sufuria, kisha chovya ncha ya sindano katika mafuta ya cherehani na uguse ekseli za magurudumu yenye meno, tone moja tu kila mahali. Zungusha ufunguo nusu mzunguko, ukigoma, uache. Kabla ya kukihifadhi, kiache kitembee mpaka springi ilegee.

Huyo mwanasesere ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Msugue mgongoni kwa kidole mpaka apate joto, kisha umnuse: ukisikia harufu ya kafuri, ametengenezwa kwa seluloidi, ambayo ni nyuzi za mimea zilizogeuzwa kwa asidi ya nitriki na kuchanganywa na kafuri. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo usimweke karibu na jiko la mkaa wala mshumaa, na usimwache dirishani kwenye jua. Inapochakaa hutoa mvuke wenye asidi unaokula madini. Usimfungie katika mfuko wa plastiki, wala usimweke sanduku moja na kindege.

Watoto wasivichezee vyote viwili, maana rangi nyingi za vitu vya kuchezea vya wakati huo zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto hakawii kukitia kitu mdomoni. Rafu ya juu, yenye kivuli na hewa, inawatosha wote wawili, kila mmoja upande wake.