Mchoro wa Batiki Una Bei Gani Kati ya Marafiki Wawili?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi na rafiki yangu tunafahamiana tangu kidato cha kwanza, Tanga, na huu ni mwaka wa nne tunatengeneza batiki na mikoba hapa Dar es Salaam. Mimi ninachora, ninapiga nta na kutia rangi. Yeye anatafuta wateja, anapeleka mizigo na kushika fedha, kwa kuwa lipa namba imesajiliwa kwa jina lake. Tulikubaliana kwa mdomo kugawana nusu kwa nusu. Mwezi uliopita alichukua fedha za oda ya sare za harusi akalipia kodi ya nyumba yake, akanieleza baada ya wiki mbili. Juzi nikamsikia akimwambia mteja kwamba ua la mkarafuu lililo kwenye vitambaa vyetu amelibuni yeye. Nilinyamaza. Huyu ndiye aliyekaa nami msibani siku zote nilipofiwa na mama, na ninaona haya kumdai. Nifanyeje? Msomaji, Temeke.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa hilo fundo lililokukaa kooni.

Nianze na hiyo nusu kwa nusu, kwa sababu naamini ndiko tatizo lilikoanzia, kabla hata ya kodi ya nyumba. Mliapiana hivyo wakati hakukuwa na oda, na nusu ya kitu kisichopo haimuumizi mtu. Sasa tuseme oda moja imeleta shilingi 900,000, na vitambaa, nta, rangi, mkaa na nauli vimekula 400,000. Mkigawana zilizobaki, kila mmoja anaondoka na 250,000. Wewe unakumbuka siku tano ulizoinama juu ya sufuria ya nta huku macho yanawasha kwa moshi, na yeye, niamini, anakumbuka wateja waliomzungusha Kariakoo kutwa nzima na vocha alizonunua kwa fedha zake. Kila mmoja ana hesabu yake moyoni, na hakuna aliyeitoa hadharani.

Itoeni. Kazi ya mikono na kazi ya miguu zilipwe kwanza, kisha ndipo mseme habari ya faida. Mkikubaliana siku moja ya kazi ni shilingi 30,000, wewe kwa siku zako tano utapata 150,000 na yeye kwa siku tatu 90,000. Zitabaki 260,000, wekeni 100,000 ziwe mtaji wa jora linalofuata, na 160,000 zigawanywe sawa kwa sawa. Viwango mtapanga wenyewe, na huenda siku zake zikawa nyingi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana ziandikwe kila jioni, zisisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu fedha alizochukua, nakuomba uulize kabla ya kuhukumu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na kibanda cha kushona nguo pamoja na rafiki yangu, na siku moja nikakuta kwenye daftari letu la mauzo mstari uliokwanguliwa kwa wembe hadi karatasi ikatoboka. Sikusema neno. Nilianza kuhesabu vitambaa akiwa ameondoka, nikawa ninachelewa kumwitikia salamu, na kabla mwaka haujaisha kila mtu akawa na cherehani yake mahali pake. Baadaye sana dada yake akaniambia kwamba mstari ule ulikuwa deni la mdogo wangu mwenyewe, ambalo rafiki yangu alililipa kimya kimya ili nisione aibu. Nimezeeka na wembe ule.

Basi nenda kwake nyumbani, usimwandikie ujumbe wa simu, wala msilizungumze karakanani mbele ya vijana wenu. Muulize kwanza kodi ilimbanaje. Mtu anayekopa fedha za kazi na kuificha siku kumi na nne mara nyingi ana shida asiyojua aitamke vipi. Kisha mwambie wazi kwamba iliyochukuliwa irudi kwa awamu, na kwamba kuanzia sasa anayehitaji mkopo, awe wewe au yeye, ataomba kabla ya kuchukua.

Baada ya hapo yaandikeni. Kwa Tanzania Bara, ubia kama wenu unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na wabia wasipopatana vinginevyo hugawana faida sawa na hasara sawa; kwa hiyo vitambaa alivyokopa rafiki yako kwa ajili ya kazi yenu vinaweza kukufuata na wewe. Sajilini jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, mkiwa wamiliki wawili, fungueni akaunti ya benki inayotaka saini zenu zote mbili, na lipa namba ihamie kwenye jina la biashara. Andikeni pia nini kitatokea mmoja akiugua, akijifungua au akitaka kutoka. Mambo haya ni mepesi kuyasema mkiwa mnapendana.

Limebaki ua la mkarafuu, na hapo sikushauri ulegee. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mchoro hulindwa tangu unapobuniwa na haki huanzia kwa aliyeubuni. Kuusajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, kunakupa ushahidi. Huenda rafiki yako alisema vile kwa kumfurahisha mteja tu, lakini jina la mchoraji ndilo mshahara wake wa pili. Patana naye kwamba michoro ni yako na biashara ina ruhusa ya kuitumia, na muandike kama ruhusa hiyo itaendelea mkitengana. Siku utakayokwenda kwake, lichore ua hilo upya kwenye karatasi safi, andika jina lako na tarehe pembeni, kisha umkabidhi mkononi.