Polima ya kutoa mwanga au ya kubadili rangi kwa mradi wa mwaka wa mwisho?

Mkuu, umesema una miezi minne na maabara ya kawaida ya chuo, na unataka polima (kemikali ya minyororo mirefu, kama plastiki) inayowaka. Nilianza na ndoto hiyohiyo. Achana nayo, shika inayobadili rangi.

Hiyo ya kuwaka, akina Burroughes, Friend na Holmes waliionyesha Cambridge mwaka 1990: utando mwembamba wa PPV, aina ya polima inayopitisha umeme kiasi, ukipitishwa umeme, unatoa mwanga wa kijani-manjano. Tatizo ni kwamba oksijeni na unyevu huuharibu upesi. Unahitaji kabati lililofungwa lenye naitrojeni, na pampu ya kuondoa hewa ili upake elektrodi ya juu. Sisi tulikuwa na feni, tena ya dari.

Ya kubadili rangi ni polianilini, polima inayotengenezwa kwa anilini, na haina makuu. Chukua kioo chenye ITO (tabaka angavu linalopitisha umeme), anilini 0.1 M (moli kwa lita) ndani ya asidi ya salfa 1 M, kisha potenshiostati, yaani kifaa cha kudhibiti volti, ipandishe na kushusha volti kati ya hasi 0.2 na 0.9 ukilinganisha na elektrodi rejea ya Ag/AgCl (fedha na kloridi ya fedha). Mizunguko michache tu utando wa kijani unaanza kuota. Ukiuhamishia kwenye asidi tupu isiyo na anilini, ukishusha volti unafifia hadi manjano hafifu, ukipandisha unarudi kijani, halafu bluu. Mara ya kwanza kuona hivyo nilimwita hadi mlinzi.

Sasa makosa yangu. Nilitumia anilini ya chupa ya zamani, imeshakuwa kahawia. Utando ukatoka mabakamabaka mpaka nilipoikeneka upya. Siku nyingine nilipoteza asubuhi nzima kwa kugeuza kioo: upande wenye ITO utaujua kwa multimita, usibahatishe kwa macho. Kubwa kuliko yote, tamaa ya zambarau, rangi inayokuja baada ya bluu ukizidi kupandisha volti. Niliuacha utando kwenye volti za juu muda mrefu, polima ikavunjika na haikurudi tena.

Anilini hupenya ngozi na kuizuia damu kubeba oksijeni. Vaa glavu, fanyia ndani ya chemba ya kufyonza hewa. Hapo hakuna utani.

Ukikosa ITO, tumbukiza kioo cha kawaida kwenye mchanganyiko wa anilini, asidi na amoniamu pasalfeti, chumvi inayoifanya anilini iungane kuwa polima bila umeme. Utando utajishikiza wenyewe. Kwa umeme hautabadilika vizuri, ila ukiupitisha juu ya chupa ya amonia iliyo wazi unageuka bluu, na asidi inaurudisha kijani. Kwenye utetezi wangu, wasahihishaji waliruka grafu zote wakataka kurudia hilo la amonia wenyewe.